Ukuta usubiri, nyaya kwanza

Tulipokabidhiwa funguo za bangalo letu, lililojengwa mwaka 1959, kila mgeni aliyeingia alinyoosha kidole kwenye ukuta uleule, unaotenga jiko na sebule. "Huu uondoke." Fundi wa kwanza aliugonga kwa ngumi hata kabla hajatua mfuko wake wa zana, akasema ni kazi ya asubuhi moja.

Mimi nasema ukuta ni mahali pabaya pa kuanzia ukarabati.

Nyumba za miaka ya 1950 na 1960 hazina kosa kubwa kwenye ramani. Paa la chini, upenu mpana, madirisha makubwa yanayotazama bustani, sebule inayotokea moja kwa moja nje: mambo haya haya ndiyo tunayoyalipia leo tukiyaita ya kisasa. Huko California, Marekani, mjenzi Joseph Eichler alijenga nyumba zaidi ya 10,000 za mtindo huo, zenye kuta za kioo na vyumba vya kukaa vilivyofunguka. Kilichozeeka kimejificha nyuma ya plasta.

Umeme, kwa mfano. Nyumba yetu iliwekewa nyaya za kutosha taa chache, redio, jokofu na pasi. Soketi zilikuwa mojamoja kwa chumba, nyingine hazina hata waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Jioni yetu ya kwanza tuliwasha birika mashine ya kufulia ikiwa inazunguka, fyuzi ikakatika, giza totoro. Watoto walishangilia. Mimi nilipanda darini na tochi nikakuta mpira wa nyaya umekauka hivi kwamba ukiugusa unapukutika. Sikulala vizuri wiki hiyo.

Mabomba nayo ni wadanganyifu. Yale ya chuma yaliyopakwa zinki huliwa na kutu kwa ndani huku nje yakionekana mazima. Kipande tulichokikata kilikuwa na tundu ambalo penseli ilipita kwa shida, nasi tulikuwa tukiilaumu pampu.

Halafu kuna jambo ambalo fundi wangu wa ngumi hakulitaja kabisa: asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa zamani kwenye vifaa vya ujenzi. Katika nyumba za umri huu inaweza kuwa kwenye vigae vya sakafu, kwenye gundi nyeusi iliyo chini yake, kwenye bodi za dari, hata kwenye vifuniko vya mabomba ya maji moto. Ikiwa nzima na imetulia, hatari yake ni ndogo. Ukiipitisha msumeno, nyuzi zake hupaa na kuingia mapafuni, na maradhi huja kujitokeza miongo kadhaa baadaye. Uingereza ilikamilisha kuipiga marufuku mwaka 1999 tu. Rangi yenye madini ya risasi ilizuiwa kwenye nyumba za Marekani mwaka 1978, na vumbi lake ni sumu kwa mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni. Kwa hiyo sampuli ziende maabara kabla nyundo ya kwanza haijainuliwa. Kusubiri majibu kunachosha, najua.

Ukuta wetu? Mhandisi alipokuja alionyesha kwamba kenchi za paa zimeegemea pale pale. Asubuhi moja ya fundi ingetushushia dari kichwani. Tumetoboa uwazi wa mita mbili, tukaweka boriti ya chuma juu yake, uliobaki tukauacha. Na sijutii. Jiko lililoungana na sebule hupendeza pichani, lakini mwenye watoto watatu na kikaango cha mafuta anaujua utamu wa mlango unaofungika.

Tuligombana kidogo juu ya upenu. Mwenzangu alitaka tuukate ili mwanga uingie. Nilikataa: upenu ule ndio unaozuia jua la utosini na kuziepushia kuta mvua, kisha jua likiwa chini unaliruhusu lipenye hadi katikati ya chumba. Mwanga tuliupata kwa kupaka dari rangi nyeupe na kung'oa mapazia mazito.

Jiko bado lina makabati ya zamani, na mlango wa moja haufungi bila kupigwa goti. Wageni wanauliza fedha zote zimeishia wapi. Nawaambia ngazi ipo, wapande darini wakatazame nyaya mpya. Hajapanda hata mmoja.