Msimbo wa DOS ni shahidi, aachwe aseme yote

Aprili 2024, Microsoft wakishirikiana na IBM walipouweka hadharani msimbo chanzo wa MS-DOS 4.00, yaani maagizo ya programu kama mafundi walivyoyaandika, swali lililosikika sana lilikuwa fupi: wa nini? Mfumo endeshi wa mwaka 1988, usioijua intaneti, utamfaa nini mtu wa leo?

Wanaouliza hivyo wana hoja. Anayetaka kuendesha programu ya zamani ya DOS anayo FreeDOS, mfumo huru wa aina ya DOS ulioanza mwaka 1994, na anayo DOSBox, programu inayoiigiza DOS kwenye kompyuta za leo. Zote mbili zilijengwa bila kuchungulia msimbo wa Microsoft. Zipo maktaba nyingi barani Afrika zilizotunza katalogi zao kwa CDS/ISIS, programu iliyogawiwa bure na UNESCO na iliyotembea juu ya DOS. Mkutubi anayetaka kuyaokoa mafaili hayo kutoka kwenye kompyuta kuukuu hana haja ya kusoma hata mstari mmoja wa msimbo huo. Kama tunapima kwa matumizi ya kila siku, wanaopinga wameshinda, na sitabishana nao.

Ila mimi siupimi hivyo. Msimbo wa zamani nauona kama shahidi aliyekuwepo siku jambo lilipotendeka.

Tufungue faili moja tu, MSDOS.ASM la toleo la 1.25, mojawapo ya mafaili yaliyotolewa kwanza mwaka 2014 kupitia Computer History Museum, makumbusho ya historia ya kompyuta ya California. Juu kabisa kuna jina la Tim Paterson, aliyeuandika mfumo huu akiwa kwenye kampuni ya Seattle Computer Products mwaka 1980, kabla Microsoft hawajaununua. Chini ya jina lake kuna orodha ya mabadiliko yenye onyo kwamba kila badiliko ni lazima liandikwe hapo. Tarehe 28 Aprili 1981 mfumo unapewa namba 1.00. Tarehe 3 Septemba Paterson anaandika kwamba faili likifunguliwa, sehemu iitwayo CURRENT BLOCK, inayoonyesha programu imefika wapi ndani ya faili, isirudishwe kwenye sifuri. Tarehe 9 Oktoba anageuza kauli: nusu ya juu ya sehemu hiyo irudishwe kwenye sifuri hata hivyo, kwa kuwa programu za CP/M, mfumo endeshi uliotangulia DOS, haziifanyi kazi hiyo zenyewe.

Mstari huo wa Oktoba nimeusoma mara nyingi. Kompyuta ya IBM, iliyotumia mfumo huu, ilikuwa imezinduliwa Agosti, miezi miwili nyuma. Mtu amefanya uamuzi, amekaa nao wiki tano, kisha amerudi nyuma kwa sababu ya programu zilizoandikiwa mfumo wa mwenzake. Hakuna kitabu cha mauzo wala hotuba ya mkurugenzi itakayokuonyesha hilo. Aliliandika fundi mwenyewe, kazini, akiwaandikia mafundi wenzake, wala hakutarajia kwamba miaka zaidi ya 30 baadaye mtu wa mbali angekuja kulisoma.

Na mwenzake huyo, Gary Kildall, mwenye CP/M, ndiye kiini cha ugomvi mkubwa kuliko yote katika historia ya kompyuta za mezani. Kwa miaka mingi imesemwa kwamba DOS ni CP/M iliyoibwa. Ulikuwepo hata uvumi kwamba Kildall alificha amri ya siri ndani ya kazi yake, na kwamba amri hiyo ikiandikwa kwenye DOS, jina lake linajitokeza kwenye skrini. Maneno ya namna hiyo hayafi, maana hakuna anayeweza kuyapima. Bob Zeidman, mtaalamu wa kulinganisha misimbo, aliitafuta amri hiyo akaikosa. Msimbo wa DOS ulipotolewa, aliutumia kurudia ulinganisho wake, na hakukuta mahali ambapo msimbo wa CP/M umenakiliwa. Kilichofanana ni namna programu inavyouomba mfumo huduma, na hilo Paterson mwenyewe hajalikana: alitaka programu za CP/M zihamishwe kwa urahisi.

Huenda humwamini Zeidman. Sawa. Oktoba 2014 makumbusho yaleyale yalitoa na msimbo wa CP/M. Mashahidi wote wawili sasa wamesimama, na anayempenda Kildall anaweza kuwahoji yeye mwenyewe usiku kucha bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mimi sijaona faida nyingine ya msimbo wa zamani inayoifikia hiyo.

Ndiyo maana leseni inaniuma kuliko jambo lolote katika mjadala huu. Utoaji wa 2014 ulikuja na masharti: soma, jifunze, lakini usifanye biashara nao wala usiugawe. Matokeo yake yaliwafika watu wa FreeDOS kwanza. Jim Hall, aliyeuanzisha mradi huo, ilimbidi awatahadharishe waandishi wake kwamba atakayeusoma msimbo wa Microsoft asichangie tena, isije kesho ikadaiwa kwamba kazi yao ina vipande vilivyochukuliwa humo. Yaani watu waliokuwa wameihifadhi DOS kwa miaka 20 kwa jasho lao ndio waliolazimika kufumba macho. Ni kumwekea mtu embe mezani na kumwambia kwamba akilinusa tu, shambani kwake asikanyage tena. Mwaka 2018 Microsoft waliutoa upya chini ya leseni ya MIT, inayoruhusu kuutumia, kuubadili na kuugawa, na toleo la 4.00 likafuata leseni hiyohiyo. Msimbo haukubadilika, kilichobadilika ni karatasi moja ya kisheria.

Jambo la pili linahusu uaminifu wa nakala. Msimbo wa 4.00 ulipopandishwa kwenye Git, chombo cha mafundi cha kutunza na kugawana msimbo, herufi kadhaa za zamani zilivurugwa kwa kugeuzwa kuwa UTF-8, utaratibu wa kisasa wa kuandika herufi kwenye kompyuta, na tarehe za mafaili zikapotea, kwa sababu Git haizitunzi. Michal Necasek, anayechunguza mifumo ya zama hizo, alionyesha kwamba msimbo ulivyowekwa haukuweza kujengwa mpaka urekebishwe. Wapo waliomwona hana shukrani. Mimi nasimama naye. Tarehe ya faili ndiyo inayokuambia nini kilitangulia nini, na tumeona hapo juu uzito wa wiki tano tu. Kuweka pembeni faili lenye nakala nzima ya diski, baiti kwa baiti, kusingewagharimu chochote cha maana.

Upande wa pili nao una mambo mazito mawili. La kwanza ni umiliki. Mwaka 2005 na tena 2007 wapenzi wa OS/2, mfumo endeshi uliokusudiwa kuirithi DOS, waliiomba IBM ifungue msimbo wa mfumo huo, IBM ikakataa. Mfumo huo ulijengwa na IBM na Microsoft pamoja, na kampuni moja haina haki ya kugawa mali ya mwenzake. Kupitia kila faili na kumtafuta kila mwenye haki ni kazi ya wanasheria ya miezi, kwa bidhaa isiyoingiza hata senti. La pili ni usalama. Februari 2004 sehemu ya msimbo wa Windows 2000 ilivuja, na haikuchukua siku nyingi mtu akatangaza kasoro ya Internet Explorer aliyoigundua humo, wakati watu walikuwa bado wanaitumia. Msimbo ambao wajukuu wake bado wanaendesha hospitali na benki una sababu ya kusubiri, na simlaumu anayeufungia.

DOS haiko katika kundi hilo, wala Lisa ya Apple, ambayo makumbusho iliutoa msimbo wake Januari 2023, miaka 40 baada ya kompyuta hiyo kuzinduliwa. Kwa mifumo ya namna hiyo, adui ni muda.

Tazama chanzo cha utoaji wa 2024. Mtafiti Connor Hyde alikuwa akifuatilia DOS isiyojulikana sana, iliyoweza kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja. Aliwasiliana na Ray Ozzie, aliyekuwa na diski za majaribio za mfumo huo tangu siku alipofanya kazi kwenye kampuni ya programu ya Lotus. Microsoft wakaombwa wapekue kumbukumbu zao. Wakaupata msimbo wa 4.00, wakautoa, pamoja na programu za kwenye diski za Ozzie na nyaraka zake zilizopigwa skani. Msimbo kamili wa ile DOS ya kazi nyingi, ule hasa uliokuwa unatafutwa, haukuonekana. Hapo hapakuwa na mwanasheria aliyezuia; walitafuta kwao wenyewe, wakaukosa.