Kuazima akaunti nyingine ili mishahara itoke

Jamaa yangu ni mlinzi wa mkataba kwenye halmashauri moja huku Mtwara, mwaka jana Septemba alikaa miezi miwili bila mshahara, daftari la mangi limejaa jina lake, hela ilipoingia akasikia kumbe imeazimwa akaunti nyingine. Yeye fresh tu, watoto wamekula. Mimi nikabaki najiuliza, hiyo akaunti nyingine ilikuwa inamsubiri nani?

Maana watumishi wa kudumu wanalipwa na Hazina, hawa wa mkataba na vibarua ndo wanaishi kwa mapato ya ndani, na mapato ya ndani huku ni ushuru wa korosho. Mwaka wa fedha unaanza Julai, minada Oktoba, kwahiyo hapo kati kuna ukame kila mwaka na kila mtu anaujua.

Kuazima kwenyewe mi sioni kosa. Hela imelala akaunti ya mradi ambao mkandarasi hata hajapatikana, halafu mtu alale njaa? Hata jimbo la California kule Marekani walikuwa wanakopa mifuko yao ya ndani, ila ilipokauka, Julai 2009 baadhi ya wanaoidai serikali wakapewa hati za ahadi zenye riba ya asilimia 3.75 badala ya hela.

Tatizo ni nani anadai. Kwenye vicoba sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu, ukiazima ni mbele ya wenzako wote na inaandikwa unarudisha lini. Halmashauri anayeazima na anayeazimwa ni ofisi ileile! Na ikiguswa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya kina mama, vijana na wenye ulemavu hapo nakataa kabisa, mama wa Newala anayetaka mtaji wa kubangua korosho ataambiwa tu asubiri awamu ijayo, hatajua hela yake imelipa mlinzi.

Halafu "msimu ukifika tutarudisha" nayo siyo ya kuaminika sana, 2018 si minada ilisimama, serikali ikachukua korosho kwa 3,300 kilo na wakulima kibao wakasota kusubiri malipo.

Mi nasema waazime, ila madiwani waambiwe kiasi na tarehe, na ushuru wa mnada wa kwanza uanze kulipa deni kabla ya posho za vikao. Na Januari hela ikiwepo watenge ya Julai mpaka Septemba, kwani ni siri?

Juzi nimepita kwa mangi, ndo kwanza Agosti, jamaa yuko ukurasa wa pili.