Bawaba ya chuma, kava la plastiki

Hivi waliobuni hizi laptopu walikuwa wanawaza nini? Bawaba wameweka ya chuma, ngumu kama lango la gereza, halafu wameifunga kwa skrubu zinazoingia kwenye vijinati vya shaba vilivyozamishwa kwenye plastiki nyembamba. Bawaba ikikaza haivunjiki yenyewe. Plastiki ndiyo inayong'oka, na kijinati kinaondoka na skrubu yake. Unafungua kioo, unasikia "kwaa!", kava limeachama pembeni mpaka nyaya zinaonekana.

Ukipeleka Mwanjelwa, hapa Mbeya, fundi anaitupia jicho tu: "Kaka, hapa ni kubadilisha kava zima." Kava lenyewe liagizwe Dar. Basi unajifungia nyumbani na bisibisi. Supaglu usijisumbue nayo, inashika vizuri mpaka utakapofungua kioo. Inayotakiwa ni ile gundi ya mirija miwili ya kuchanganya, na kabla ya kuipaka ulegeze kwanza nati ya bawaba, la sivyo itang'oa tena. Halafu kuna waya wa kioo, umepitishwa palepale kwenye bawaba (kwingine kote hawakukuona!). Ukiubana ukakatika, na kioo nacho kwaheri.

Sasa gundi hiyo, Mbeya, mwezi wa Julai! Kwa baridi hii haikauki upesi. Umeipaka jioni, asubuhi ukiigusa bado inanata. Nimeisogeza laptopu jirani na jiko la mkaa, mama watoto anauliza kama leo tunakula kompyuta.

Na humu ndani kuna mtu bado anaifungua kwa kuvuta kona moja.