Ufilipino ibadilishwe jina? Mfalme Felipe na watu waliomnyang'anya jina lake

Anayeingia Fort Jesus pale Mombasa anaingia kwenye ngome iliyojengwa kwa amri ya Felipe II wa Uhispania, ambaye tangu 1580 alikuwa ameshika na kiti cha Ureno. Ujenzi ulianza 1593. Miaka hamsini kabla ya hapo, Felipe akiwa bado mwana wa mfalme, jina lake lilikuwa limekwisha kubandikwa kwenye visiwa ambavyo hakuwahi kuvitia machoni. Mwaka 1543 baharia Mhispania Ruy López de Villalobos aliviita Leyte na Samar "Filipinas", na jina likatambaa hadi likafunika visiwa zaidi ya 7,000. Mombasa aliacha ukuta, kule akaacha jina la nchi. Ukuta angalau unageuzwa makumbusho na kukatiwa tiketi.

Ndiyo maana mjadala wa kulibadilisha jina hilo haufi. Mwaka 1978 mbunge Eddie Ilarde alipendekeza nchi iitwe Maharlika, na Februari 2019 rais Rodrigo Duterte akalifufua wazo hilo jukwaani. Katiba ya 1987 nayo imeacha mlango wazi: Bunge linaweza kutunga sheria ya jina jipya, mradi wananchi waliridhie kwa kura ya maoni.

Wanaotaka libadilishwe hudhihakiwa kwamba wana muda wa kupoteza. Mimi siwacheki, kwa sababu kule ukoloni haukuishia kwenye ramani, uliingia hadi mlangoni mwa kila nyumba. Tarehe 21 Novemba 1849 gavana wa Kihispania Narciso Clavería aliamuru kila familia iwe na jina la ukoo la kudumu. Kabla ya hapo watu walijiitia majina ya watakatifu na ya msalaba, de los Santos, de la Cruz, na ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina tofauti. Mtoza kodi akawa hajui nani ni nani. Dawa ikawa kitabu kinene cha majina yaliyopangwa kwa alfabeti. Kurasa ziligawiwa mikoa, mikoa ikagawia miji, na mkuu wa familia akachagua kwenye fungu lililoufikia mji wake. Waliosalimika ni waliokuwa na jina lililotumika kwa vizazi vinne. Mpaka leo, katika mji wa Oas, mkoani Albay, majina ya ukoo mengi ajabu huanza na R, kwa kuwa ndizo kurasa zilizowaangukia. Mtu ambaye hata babu yake alipewa jina kwa mgao wa serikali ana haki ya kuuliza kwa nini na nchi nzima ibebe jina la mfalme.

Lakini jina halikai mikononi mwa aliyelitoa. Kwa muda mrefu "Filipino" alikuwa Mhispania aliyezaliwa visiwani. Mzawa hakuitwa hivyo, aliitwa "indio", na lilikuwa tusi. Mwaka 1879 José Rizal, kijana wa miaka 18, alishinda tuzo ya ushairi Manila kwa shairi lililowaita vijana wa visiwa hivyo Wafilipino, akiwaona kuwa tumaini la nchi yake. Tarehe 30 Desemba 1896 Wahispania walimuua kwa kumpiga risasi. Mwaka na nusu baadaye, 12 Juni 1898, kiongozi wa mapinduzi Emilio Aguinaldo alitangaza uhuru huko Kawit kwa jina hilohilo, na Desemba ya mwaka ule Uhispania ikaikabidhi nchi kwa Marekani kwa dola milioni 20. Waliopigana na Wamarekani kuanzia 1899 walikuwa Wafilipino, na hapo sidhani kuna aliyekuwa akimkumbuka Felipe. Hata kulitamka wamelitamka kwao: Kitagalogi cha asili, lugha ya eneo la Manila, hakina sauti ya f, basi wakasema Pilipinas. Mwaka 2013 tume ya lugha ya taifa ilitaka iandikwe Filipinas. Watu wakashikilia P yao, na tume yenyewe ikaja kurudi nyuma.

Na Maharlika ni mbadala gani? Wengi hudhani maana yake ni ufalme au utukufu. Katika jamii ya kale ya Watagalogi, maharlika walikuwa watu huru waliomfuata mtawala wao vitani, chini ya tabaka la wakubwa. Neno lina asili ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kwa hiyo ukikimbia ugeni mlango mmoja umeukuta mlango wa pili. Tena ni la Kitagalogi. Mvisaya wa kisiwa cha Cebu, mwenye lugha yake, halimhusu sana. Baya zaidi, Ferdinand Marcos, aliyekuja kuwa dikteta wa nchi hiyo, alidai aliongoza kikosi cha msituni chenye jina hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili, na jeshi la Marekani lilipochunguza likaona madai hayo ni ya uongo. Kwangu, kumfuta mfalme kwa kumrudisha dikteta ni hasara tupu.

Hoja inayonitatiza inatoka kusini. Waislamu wa Mindanao na Sulu walipigana na Wahispania kwa karne tatu bila kutawaliwa sawasawa, na wapo kati yao wanaosema Ufilipino si jina walilolipigania bali waliloingizwa. Kura ya maoni ikija siku moja, jibu la Marawi, mji wa Waislamu huko Mindanao, lina uzito kwangu kuliko la Manila. Ila watu haohao wanajiita Moro, neno ambalo Wahispania waliwabandika kwa kuwafananisha na maadui wao wa zamani, Waislamu waliotoka Afrika Kaskazini. Wareno waliwaita kwa neno hilo watu wa pwani yetu pia, Kilwa na Mombasa, kwetu halikushika. Kule lilishika hadi likawa fahari, na mwaka 2019 wananchi walipopiga kura kuanzisha mkoa wao wenye madaraka ya ndani, jina lililopita ni Bangsamoro, taifa la Wamoro.