Maharagi ya Bushi: kabla ya kuvuta kamba, tazama urefu

Kila Septemba, mvua ya msimu A, msimu wa kwanza wa kupanda, inaporudi kwenye milima ya Bushi, nchi ya Washi inayozunguka Bukavu mashariki mwa Kongo, ubishi ule ule unarudi nayo. Agronomu anakuja na kamba yenye mafundo: sentimita 40 kati ya mistari, 20 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo. Mama mwenye shamba anamsikiliza kwa heshima, na akishaondoka, anatawanya mbegu kama alivyoonyeshwa na mama yake. Wengi humlaumu. Mimi naona wote wawili wanaruka swali la kwanza: ni haragi gani, fupi au lile linalokwea miti?

Haragi fupi linajua kujirekebisha. Likipata nafasi, hutoa matawi na maganda mengi. Likibanwa, kila shina huzaa kidogo, ila mashina ni mengi. Kwa hiyo mavuno hayatofautiani kwa kiasi tunachoambiwa. Kinachotofautiana ni mbegu. Kwa kipimo cha kamba, kipande cha mita 10 kwa 10 kina mashimo 1,250, yaani mbegu 2,500. Ikiwa mbegu 100 zina gramu 40, hiyo ni kilo moja. Sogeza mistari hadi sentimita 30, utaongeza theluthi ya kilo. Mbegu hiyo inatoka kwenye akiba ile ile inayolisha watoto.

Anayebananisha naye ana hoja nzito. Majani hufunika udongo mapema, magugu hukosa mwanga, na kwenye miteremko ya Kabare, huku huku Bushi, mvua haipigi udongo mtupu. Lakini mimea iliyosongamana hurefuka ikitafuta mwanga, mashina huwa membamba, kisha hulala. Ganda likigusa udongo wenye maji huoza, na umande usiokauka huzidisha madoa ya majani. Katika msimu wa mvua nyingi mimi nachagua kamba, hata kama kupanda kunachukua siku moja zaidi.

Kwa haragi linalokwea, hesabu ni nyingine kabisa. Linapita mita mbili, na kwenye udongo wenye rutuba huweza kuzaa mara mbili ya lile fupi, kwa kuwa linatumia hewa ya juu ambayo shamba dogo halikuwa likiitumia. Kituo cha Mulungu cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kimelishughulikia kwa miaka mingi, na kwa familia zenye vishamba vidogo naliona ni jibu zuri. Ila miti ya kulishikilia! Ukipanda sentimita 50 kwa 20, mashimo mawili yakishiriki mti mmoja, kipande kile kile kinadai miti 500. Mikaratusi na matete vinagombaniwa na jiko. Mti mfupi nao humaliza faida yote: mimea ikifika kileleni hujikunja, hufunikana, na maganda ya chini hubaki gizani.

Chini ya muhogo kuna njia ambayo ningependa kuiona zaidi. Badala ya kupanda muhogo mita 1 kwa mita 1, huko Walungu, pia Bushi, watafiti walijaribu mita 2 kwa nusu mita. Idadi ya muhogo ni ile ile, 100 katika kipande chetu, lakini katikati inabaki njia pana ya mwanga kwa mistari ya maharagi. Hakuna mti wa kutafuta, wala mbegu ya muhogo ya kuongeza. Ni vipandikizi vile vile, vimesogezwa tu.