Usipa wa Stesheni Masta

Mjomba alistaafu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na mstaafu wa TAZARA hapandi treni ya watu bila kuikagua. Alipokuja kunitembelea Osaka mwaka 2013, nikampeleka Wakayama tupande reli ya Kishigawa. Nikamwambia ni kilomita 14.3, treni ya umeme, nusu saa umefika mwisho. Alicheka mpaka akakohoa.

“Sisi tuna 1,860. Hiyo si reli, mwanangu. Hiyo ni sampuli.”

Lakini alipoinama kuangalia njia, akatulia. Upana ni milimita 1,067, uleule wa Dar hadi Kapiri Mposhi. Kuanzia hapo ikawa “reli yetu”.

Sasa, kuna jambo nilimficha makusudi. Nilimwambia tu kwamba stesheni masta wa Kishi, kituo cha mwisho, anajulikana Japani nzima: njia ilikuwa mbioni kufungwa, kampuni mpya ikaichukua mwaka 2006, yeye akateuliwa Januari 2007, akapewa kofia rasmi, na tangu hapo wageni wanamiminika. Hata cheo kapandishwa. Mjomba akavaa suti. Suti, na joto lile la Agosti! Akachukua na pakiti ya usipa mkavu wa Kyela, dagaa wa Ziwa Nyasa, aliyokuwa amenibebea mimi, eti haendi kwa stesheni masta mikono mitupu.

Tulipanda treni ya mabehewa mawili, ubavuni imechorwa paka 101. Mjomba akasema Wajapani wanapenda utoto. Tulipofika, paa la kituo lina masikio. Hilo nalo hakulitilia shaka. Alikuwa anaweka tai sawa.

Akapenya katikati ya watalii, akavua kofia, akafika kwenye kioo. Ndani, paka wa rangi tatu amelala fofofo.

“Stesheni masta yuko wapi?”

“Ndiye huyo, Mjomba. Anaitwa Tama.”

Alinitazama kama mtu aliyegundua mpwa wake kala ada ya shule. Halafu akasema zawadi haigeuzwi njiani, akaing'ata pakiti. Nailoni ikapasuka hadi chini. Usipa ukaruka! Sakafuni, kwenye viatu vya watu, na mmoja ukatua ndani ya mkoba wa bibi mmoja aliyekuwa anainama kutoa heshima.

Na Tama, ambaye watu walikuwa wanamgongea ulimi muda wote ageuke wampige picha, akafumbua jicho. Akafumbua la pili. Akainuka, akabandika pua kwenye kioo. Simu zote juu! Katika kila picha iliyopigwa pale mimi nipo, nimepiga magoti, naokota dagaa mmoja mmoja. Akaja kijana na ufagio, anatabasamu, anatuonyesha tangazo la kutomlisha chochote. Bibi akaurudisha usipa wake kwa mikono miwili, umefungwa kwenye karatasi laini.

Kurudi, nimeukumbatia mzigo ndani ya koti langu, na abiria wanafungua madirisha bila kusema neno. Mjomba kimya, anatazama mashamba. Tulipokaribia Wakayama ndipo akakohoa.

“Afadhali huyo. Mimi nimefanya kazi chini ya mmoja aliyelala hivyohivyo, na ukimpelekea samaki haamki.”