Camembert: jina limelindwa, malisho je?

Kijiji cha Camembert, katika Normandie ya Ufaransa, hakifikishi watu 250. Kina kanisa dogo, ofisi ya meya, makumbusho ya jibini na nyumba za wakulima zilizotawanyika vilimani, kila moja na njia yake. Anayetafuta barabara kuu yenye maduka hataipata; wanakijiji huenda sokoni Vimoutiers, mji mdogo ulio kilomita chache tu kutoka hapo. Hata hivyo jina la kijiji hiki limebandikwa kwenye vikasha vya jibini katika maduka ya dunia nzima, na kwa zaidi ya miaka mia moja watu wamegombana kuhusu nani ana haki ya kulitumia.

Ugomvi huo mara nyingi husimuliwa kirahisi: mkulima mdogo mwenye upawa wake wa kuchotea maziwa yaliyoganda upande mmoja wa meza, kampuni kubwa yenye mitambo upande wa pili. Nakubali kwamba sehemu kubwa ya simulizi hiyo ni kweli. Lakini inaruka jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi, nalo ni ardhi yenyewe.

Camembert imo katika Pays d'Auge, eneo la vilima na mabonde membamba. Udongo wake ni wa mfinyanzi, mzito, wenye mawe ya gumegume, unaoshika maji na kumchosha anayeulima. Mvua kutoka baharini haikatiki kwa muda mrefu. Ngano haikufurahia mahali hapa, majani yalifurahia. Ndiyo maana tangu karne ya 17 na ya 18 wakulima wa huko waligeuza mashamba mengi ya nafaka kuwa malisho ya kudumu, wakayazungushia nyua za miti na vichaka, na ndani ya malisho hayohayo wakapanda matofaa. Ng'ombe walikula chini, matunda yakaiva juu, na kipande kimoja cha ardhi kikatoa maziwa, siagi, jibini na pombe ya matofaa. Nyua zilikinga upepo, zilizuia udongo usichukuliwe na maji, zikatoa kuni. Miji ya jirani kama Livarot na Pont-l'Évêque nayo ina jibini lake lenye jina lake. Huwezi kulielewa jibini lolote kati ya haya bila kuielewa mandhari hiyo.

Kuhusu nani aliyelianzisha, hadithi inayopendwa inamtaja Marie Harel, mwanamke mkulima aliyezaliwa mwaka 1761. Inasemekana kwamba mwaka 1791, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, padri aliyekataa kula kiapo cha serikali alijificha katika nyumba ya Beaumoncel hapo kijijini, akamfundisha Marie ujuzi wa jibini la Brie. Tatizo ni kwamba Thomas Corneille, katika kamusi yake ya jiografia ya mwaka 1708, alikuwa tayari ameyataja majibini ya Camembert. Kwa hiyo urithi huu ni mkubwa kuliko mtu mmoja. Marie alikuwa fundi hodari, na watoto na wajukuu wake ndio waliolisambaza jibini hili, lakini nyuma yake kulikuwa na vizazi vya wanawake wa mashambani ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Sanamu yake ilisimamishwa Vimoutiers mwaka 1928, baada ya daktari Mmarekani, Joseph Knirim, kuja kutoa heshima kwa jibini aliloamini limeponya tumbo lake. Juni 1944, katika Vita Kuu ya Pili, mabomu ya ndege za Washirika yaliubomoa mji pamoja na sanamu hiyo. Sanamu mpya ilitolewa katika miaka ya 1950 na wafanyakazi wa kiwanda cha jibini cha Ohio. Yaani tayari wakati huo Camembert ilikuwa ikitengenezwa Marekani, na hapo ndipo kiini cha mzozo kilipo.

Reli iliyofika Normandie katika miaka ya 1850 iliipeleka Camembert Paris ndani ya saa chache. Kikasha cha mbao nyembamba, kilichobuniwa karibu na mwaka 1890, kiliiwezesha kusafiri mbali bila kupondeka. Vita Kuu ya Kwanza ililifikisha jibini hili kwa askari mahandakini. Waliporudi makwao walilitafuta, na viwanda vya kila pembe ya Ufaransa vikaanza kulitengeneza. Watengenezaji wa Normandie walipokwenda mahakamani walikuwa wamechelewa: mwaka 1926 mahakama ya rufaa ya Orléans iliamua kwamba neno camembert limekuwa la wote. Msomaji wa pwani yetu ataielewa hatari hiyo akikumbuka jinsi kampuni moja ya Uingereza ilivyojaribu kulisajili neno «kikoy» liwe alama yake ya biashara, na Wakenya wakapinga hadi ombi hilo likaanguka. Kwa kikoi watu waliwahi. Kwa Camembert hawakuwahi.

Kilichookolewa ni jina refu zaidi. Tangu mwaka 1983 «Camembert de Normandie» ni jina la asili linalolindwa kisheria, na masharti yake ni makali. Maziwa lazima yawe mabichi. Maziwa yaliyoganda huchotwa kwa upawa na kutiwa kwenye kalibu kwa awamu zisizopungua tano, na kati ya awamu moja na nyingine zipite angalau dakika 40. Angalau nusu ya ng'ombe wawe wa aina ya Normande, wale wenye mabaka ya kahawia na duara kuzunguka macho. Tena ng'ombe wachunge malishoni angalau miezi sita kwa mwaka.

Viwanda vilivyoshindwa au kukataa masharti hayo vilipata mlango wa pembeni: viliandika «Camembert fabriqué en Normandie», yaani lililotengenezwa Normandie. Maziwa yalikuwa yamepashwa moto, yaliweza kutoka kokote, ng'ombe walikuwa wowote, lakini mnunuzi mwenye haraka aliona Normandie na ng'ombe aliyechorwa, akaridhika. Jibini la aina hii lilizalishwa takribani mara kumi ya lile lililolindwa. Kwa hili sina wasiwasi: lilikuwa linapotosha. Mwaka 2020 mamlaka za Ufaransa ziliagiza maneno hayo yaondolewe kuanzia 2021, na mwaka 2023 baraza kuu la sheria za utawala, Conseil d'État, likakataa rufaa za viwanda. Nadhani lilifanya haki.

Sasa tuwasikilize walioshindwa, maana hoja zao huwa zinabezwa upesi mno. Mwaka 2007 Lactalis, kampuni kubwa ya maziwa ya Ufaransa, na Isigny Sainte-Mère walipojitoa kwenye jina linalolindwa, sababu waliyoitoa ilikuwa afya. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bakteria kama listeria, na madaktari huwashauri wajawazito wayaepuke pamoja na majibini laini yanayotokana nayo. Kuyasimamia kwa lita nyingi za kila siku kunahitaji vipimo visivyokoma. Pia Marekani hairuhusu jibini la maziwa mabichi lililokaa chini ya siku 60, na Camembert huiva ndani ya wiki chache, kwa hiyo soko hilo limefungwa kabisa. Na Isigny si kampuni ya mabepari wa mbali. Ni ushirika, wenyewe ni wafugaji. Ukisema viwanda vyote ni adui wa mkulima, wakulima hao unawaweka wapi?

Hoja iliyonigusa zaidi, hata hivyo, ilikuwa ndani ya makubaliano ya Februari 2018. Pande zote zilikubali jina moja lenye ngazi mbili: ngazi ya juu ya maziwa mabichi na upawa, na ngazi ya pili ya maziwa yaliyopashwa moto. Wapishi mashuhuri na wapenzi wa jibini walikasirika, wakaona heshima ya jina inauzwa, na mapema mwaka 2020 mpango ukavunjika. Waliopinga walikuwa na sababu nzuri. Jina likishabeba vitu viwili vyenye ladha mbili tofauti, kile cha bei nafuu hukimeza kile cha gharama.

Lakini ngazi ile ya pili ilikuwa na masharti ya ardhi: asilimia 30 ya ng'ombe wawe Normande, na wachunge malishoni. Ulipovunjika mpango, masharti hayo yalikwenda nao. Sehemu kubwa ya Camembert ya viwandani ikabaki bila sharti lolote la majani. Mfugaji anayeuza kwa bei ya lita analazimika kutafuta lita nyingi, na njia rahisi ni kulima malisho, kupanda mahindi ya silaji, yaani chakula cha mifugo kilichovundikwa, na kufuga Holstein, ng'ombe wa maziwa mengi. Nyua za miti zinakuwa kikwazo kwa trekta, zinang'olewa. Ufaransa imepoteza takribani asilimia 70 ya nyua zake tangu mwaka 1950. Hasara hiyo haionekani kwenye lebo yoyote ya jibini, na kwa mtu anayejali urithi wa kijiji kama Camembert inapaswa kuuma kuliko neno lililoandikwa kwenye kikasha.

Na watetezi wa jibini la asili nao wana la kujibu. Zamani ngozi ya Camembert haikuwa nyeupe. Ilikuwa na rangi ya kijivu na buluu, kwa sababu ya ukungu mchanganyiko uliotoka hewani na kwenye majani makavu. Mwanzoni mwa karne ya 20 watengenezaji waliupendelea ukungu mmoja mweupe, Penicillium camemberti, na tangu hapo umekuwa ukizalishwa kwa kujinakili wenyewe tu. Mapema 2024 watafiti wa CNRS, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Ufaransa, walieleza kwamba ukungu huo unapoteza uwezo wa kutoa mbegu zake, kwa hiyo kuupata kunazidi kuwa kugumu. Hapa mwenye upawa na mwenye mtambo hawatofautiani: wote wamemzoesha mnunuzi kudhani weupe ndio asili.

Ningependa watunga masharti ya jina linalolindwa wapandishe sehemu ya ng'ombe wa Normande juu ya nusu, wahesabu nyua za miti kama wanavyohesabu dakika za upawa, na waruhusu ngozi zenye rangi mchanganyiko zirudi sokoni. Ningependa pia viwanda vipewe alama ya malisho isiyogusa jina la Normandie, ili mfugaji wa ushirika alipwe zaidi kwa kila lita inayotoka kwenye majani. Kwa sasa, mwenye malisho katika Pays d'Auge akiyalima yote na kupanda mahindi, hakuna neno hata moja katika uamuzi wa 2023 linalomzuia.